Wavu Haujashuka

Wavu wenyewe si kitu cha kukutoa nyumbani uje kuutazama. Ni mikanda myeusi ya nailoni iliyofumwa, ukubwa wake kama kitambaa cha meza ndogo, na kazi yake ni kuziba dirisha la dereva ili mkono wake usirushwe nje gari linapobingirika. Lakini hapa Laurel Fork, kwenye uwanja wetu wa mbio za magari, wavu una lugha yake. Gari likigonga ukuta, jukwaa zima hunyamaza na kutazama dirisha. Dereva akifungua kifungo na wavu ukaanguka, amesema: mimi mzima, msinikimbilie. Hapo watu hupiga makofi, hata kwa dereva waliyekuwa wakimzomea dakika ile ile. Wavu usiposhuka hakuna anayepiga makofi, na gari la wagonjwa huondoka bila kungoja kuitwa.

Ndiyo maana Jumamosi ile, kabla sijanunua hata chai ya barafu, nilishuka kwa mafundi kumtafuta mjukuu wangu Callie. Nilimkuta amelala chini ya gari lake, viatu tu vikionekana.

"Toka huko," nikamwambia. "Nionyeshe unavyoufungua wavu."

"Babu, mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Akajitoa kwa mgongo, uso una grisi, akanitazama kama ninavyotazamwa na mbwa wangu ninapomwogesha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukimbia na wakubwa. Miaka yote alikuwa akishindana katika vigari vidogo, halafu katika magari ya wanaojifunza, na sasa alikuwa na gari kamili, la kijani cha tufaha bichi, namba kumi na saba ubavuni. Rangi ile na namba ile alivichagua mwenyewe. Hakuniuliza, na mimi sikusema neno. Vilikuwa vya ndugu yangu Lyle.

Aliingiza mkono dirishani, akabonyeza kwa kidole gumba. Wavu ukaanguka.

"Tena."

"Babu!"

"Ukigonga ukuta, kitu cha kwanza ni nini?"

"Kushusha wavu."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kila kitu. Kabla ya kupumua. Ukiniuliza tena nitakufunga humu ndani ukimbie wewe." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Haya, mimi nimeahidi. Na wewe ahidi utavaa hedifoni."

"Sivai."

"Hata leo?"

"Masikio yangu yananitosha."

"Masikio yako hayajasikia kengele ya mlango tangu Krismasi ya mwaka juzi!"

Kutoka gari la jirani mtu akacheka. Alikuwa Tanner Pruitt, kijana mwenye meno meupe ambaye trela la baba yake ni refu kuliko kanisa letu. Akaegemea gari lake la bluu na kusema, "Bibie, leo usisahau, breki ni pedali ya katikati."

"Asante, kaka," akajibu Callie bila kugeuka. "Wewe hiyo ndiyo unayoijua. Mimi naijua ile ya kulia."

Nikapanda jukwaani nikiwa na moyo mwepesi kidogo. Mtoto mwenye jibu kama lile si rahisi kufa, nilijiambia. Halafu nikakumbuka kwamba Lyle naye hakuwahi kukosa jibu.

Hoyt Beam alikuwa ameshafika. Hoyt amekaa upande wangu wa kushoto, safu ya juu kabisa karibu na kona ya nne, tangu sote wawili tulipokuwa na nywele. Yeye ni mtu wa Ford, mimi ni mtu wa Chevrolet, na kama si mbio hizi tusingekuwa na sababu ya kusalimiana hata dukani. Alikuwa na mto wake wa kukalia, mfuko wa karanga za kuchemsha unaovuja maji, na hedifoni mbili kubwa kama za rubani zikining'inia shingoni.

"Mbili za nini?" nikamuuliza. "Umeota masikio mengine?"

"Moja yako, Wendell. Callie amenituma."

"Mrudishie."

"We mzee ni mbishi kama nyumbu."

"Na wewe unanuka karanga. Kaa."

Siku hizi karibu kila mtu jukwaani anavaa vile vitu. Unatafuta idhaa ya dereva unayempenda, unamsikia akizungumza kwa redio koli na mtu wake aliyesimama juu ya paa la jukwaa, anayemwambia nani yuko kushoto, nani kulia, wapi pameharibika. Callie ana Dewey, fundi wa tairi mwenye sauti ya mtu anayebembeleza ng'ombe. Watu hununua tiketi ili waje kusikiliza maneno. Mimi nilikuja kwa ajili ya kelele. Magari yanapopita mbele yako yote kwa pamoja, kelele ile haiingii kwa masikio, inaingia kifuani, inakaa pale pale moyo unapokaa, na moyo unasogea kuipisha. Nilikuwa na umri wa kubebwa begani nilipoisikia kwanza, na mpaka leo sijapata muziki wa kuishinda. Mtu aniambie niizibe kwa sponji ili nimsikie Dewey?

Mchungaji alishika kipaza sauti, nasi tukavua kofia. Aliomba kwa ajili ya madereva, na mafundi, na hali ya hewa, na tairi za upande wa kulia. Hoyt akasema amina kwa sauti kubwa zilipotajwa tairi. Kisha bendi ya shule ikapiga wimbo wa taifa, tarumbeta moja ikiwa nyuma ya wenzake kama kawaida, na magari yakaanza kuzunguka taratibu nyuma ya gari la kuongoza.

"Tazama yale," nikasema. "Taa za mbele ni stika. Stika, Hoyt! Umebandika macho kwenye boga ukaliita gari."

"Umeanza."

"Zamani ulilijua gari kwa umbo lake ukiwa nusu maili mbali. Mtu aliendesha gari kwenda kazini Ijumaa, akalivua taa Jumamosi, akalikimbiza hapa, na Jumapili mkewe akaenda nalo kanisani likiwa na ubavu umebonyea."

"Mkewe akiwa amenuna."

"Akiwa amenuna, lakini amefika! Leo ukimwambia Tanner Pruitt aendeshe lile kwenda kanisani, litakwama kwenye tuta la kwanza."

Hoyt alimenya karanga. Ameyasikia haya kila msimu. Anajua pia nisichokisema, kwa sababu alikuwepo.

Zamani ile ninayoisifu, kiti cha Lyle kilitolewa kwenye gari la kusambazia mikate na kufungwa sakafuni kwa boliti. Ukuta wa kona ya tatu ulikuwa zege tupu. Shingo ya dereva haikushikwa na kitu chochote isipokuwa shingo yenyewe. Nasi tulikuwa na jina kwa hayo yote, tuliyaita uanaume, na tuliyapenda. Jumapili moja ya kiangazi, mchana mweupe, Lyle alikuwa akiongoza, tairi ya mbele ikapasuka, akaenda moja kwa moja ukutani. Halikuwa pigo la kutisha kulitazama. Gari halikupinduka, halikuwaka. Lilisimama pale likifuka mvuke kama birika, na mimi nilikuwa kwenye uzio nimeshika waya, nikasema kwa sauti, haya kaka, shusha. Watu walikuwa wameshainua mikono tayari kupiga makofi. Niliutazama wavu ule mpaka wakaufunika kwa turubai.

Sikuacha kuja. Watu walishangaa, na mke wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza mara moja tu. Nilimwambia kwamba hapa ndipo mahali pekee ambapo jina la Lyle hutajwa na watu wasioinamisha vichwa. Wanalitaja wakicheka, wakisema unakumbuka alivyompita fulani kwa nje, juu kabisa, tairi zikigusa majani. Kisha mbio kubwa zikahama. Zilifuata viwanja vya mijini vyenye viti vya plastiki. Laurel Fork ikafungwa, miti ikaota kwenye lami ya kona ya pili, na tulikaa miaka mingi tukipita barabarani na kugeuza uso. Waliporudi watu wa hapa hapa na mashine za kukata nyasi, na jamaa wa kanisa wakapaka rangi jukwaa, nililia kama mtoto, na siku ya kufungua nilikuwa wa kwanza getini. Kwa hiyo nikilalamika kuhusu stika, unielewe. Ni malalamiko ya mtu aliyerudishiwa kitu.

Bendera ya kijani ikapungwa. Kelele ikaja, ikakaa mahali pake.

Callie alianza katikati ya kundi. Kwa muda hakufanya lolote ila kukaa. Wadogo hukosea hapo, wanataka kushinda mizunguko ya kwanza, wanazichoma tairi, na mwisho wanateleza kama ng'ombe kwenye barafu. Yeye alizitunza. Aliingia kona pole pole na kutoka kwa nguvu, na kila mara alipotoka alikuwa amemla mtu mmoja. Hoyt alinipiga kiwiko akainua kidole gumba. Nikajifanya sijaona. Vipande vya mpira wa tairi vilikuwa vikirushwa mpaka juu kwetu, vikitua kwenye nywele za mama aliyekaa mbele yangu, na mama akavifuta bila kuacha kutafuna mkate wake wa soseji.

"Anaendesha kama Lyle!" Hoyt akanipigia kelele sikioni.

"Anaendesha vizuri kuliko Lyle!" nikamjibu. "Lyle angekuwa ameshaua tairi zote!"

Mizunguko ilipobaki michache alikuwa wa pili, na nyuma yake, bampa kwa bampa, gari la bluu la Tanner Pruitt. Kumsukuma mtu kidogo mlangoni mwa kona si dhambi kwetu. Unamgusa, gari lake linanyanyuka nyuma kidogo, anapoteza njia, unapita, na baadaye mnarushiana maneno. Lakini kuna kugusa na kuna kugonga. Waliingia kona ya tatu, nikaona boneti ya bluu ikizama chini ya bampa la nyuma la gari la kijani, na sehemu ya nyuma ya gari la Callie ikatangulia mbele. Lilizunguka likiwa limejaa moshi mweupe wa tairi. Liligonga ukuta kwa ubavu wa kulia, likaruka, likagonga tena, likateleza mpaka kona ya nne na kusimama karibu kabisa nasi, dirisha la dereva likitutazama.

Bendera ya njano. Magari yakapunguza mwendo, kelele ikatoka kifuani mwangu, na mahali pake hapakubaki kitu.

Wavu ulikuwa juu.

Nikasimama. Kila mtu alikuwa amesimama. Shusha, nikasema. Mvuke ulikuwa ukitoka mbele ya gari, ule ule mweupe, taratibu, kama wa birika. Wavu mweusi haukutikisika, na nyuma yake sikuona kitu. Ameahidi, niliwaza. Kabla ya kupumua, alisema. Basi kama hajaushusha, hapumui. Mkono wangu ulikuwa ukitafuta waya wa uzio, na uzio haukuwepo, ulikuwa chini kule mbali. Gari la wagonjwa likawasha taa.

Ndipo nikasikia kicheko.

Mama wa mbele yangu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Nyuma yangu mwanamume mmoja alijipiga paja. Nikageuka nikaona safu nzima, watu ninaowajua, watu waliobeba jeneza pamoja nami, hedifoni masikioni, wakicheka mpaka machozi yanawatoka.

"Mnacheka nini?" Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. "Mnacheka nini? Wavu haujashuka!"

Hakuna aliyenisikia. Hoyt naye alikuwa amejikunja, anacheka. Nilimshika shati kifuani, nikamvuta. Aliinua macho akaniona uso, na kicheko kikamkauka. Alivua hedifoni yake akanibandika kichwani kwa mikono yote miwili, akaishikilia pale kana kwamba kichwa changu kingeanguka.

"... na trela lake lile lile! Mwambie baba yake alilete hapa, Dewey, alilete likiwa tupu, maana mabaki yake yote yataingia! Ulimwona? Niambie ulimwona!"

"Nilimwona." Ilikuwa sauti ya Dewey, ya kubembeleza ng'ombe. "Callie, uko salama?"

"Nina hasira!"

"Sikuulizi hasira. Kuna kinachouma?"

"Roho! Nilikuwa wa pili, Dewey! Tairi zangu zilikuwa mpya kabisa! Nilizitunza kama mayai, halafu lile libwege, lile li-meno, linakuja..."

"Sawa. Shusha wavu."

"Nitamshushia yeye wavu kichwani! Nitamfunga nao, nimburute mpaka kwa mama yake..."

"Callie."

"Nini!"

"Wavu. Babu yako yuko jukwaani."

Redio ikanyamaza. Nilisikia pumzi yake. Nilisikia pumzi yake akiivuta na kuitoa, karibu kabisa na sikio langu, kama alipokuwa mchanga akilala begani pangu.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Babu."

Wavu ukaanguka.

Makofi yakapigwa, jukwaa zima, na miguu ikapigwa kwenye mbao mpaka vumbi likatoka. Mimi sikupiga. Mikono yangu ilikuwa imeshika hedifoni juu ya mikono ya Hoyt. Chini kule kofia ya kijani ilitokeza dirishani, mguu mmoja, wa pili, kisha akasimama juu ya lami, akaangalia juu kuelekea safu yetu, akapunga mkono mara moja. Halafu akageuka, akavua glavu, akangoja gari la bluu lizunguke chini ya bendera ya njano, na lilipofika akalipiga nayo kwenye kioo cha mbele. Jukwaa karibu livunjike.

"Haya, nirudishie," Hoyt akanigusa.

"Ngoja."

"Ameshatoka, Wendell. Hakuna wa kuongea humo."

"Dewey anaongea."

"Humpendi Dewey!"

"Nani kasema simpendi Dewey?"

Hoyt alinitazama, akachukua hedifoni ile ya pili, ile iliyokuwa yangu tangu mwanzo, akaivaa. Akanisogezea karanga.

Baada ya mbio, jua likiwa bado kwenye vilele vya misonobari, nilishuka kwa mafundi. Gari lilikuwa limeshavutwa. Ubavu wa kulia haukuwepo tena, ilikuwa bati iliyokunjamana mpaka kwenye vyuma vya ndani, na vyuma vyenyewe vimepinda. Lakini kiti kilikuwa kizima. Kilimkumbatia mtu kuanzia kichwani mpaka magotini, mabawa pande zote mbili. Niliingiza mkono nikabonyeza sponji yake. Mtu fulani, nisiyemjua jina, katika karakana nisiyoijua, aliketi akafikiri jinsi kichwa cha mwenzake kitakavyokwenda gari likigonga kwa ubavu. Mwingine akafikiria kifaa cha kushika shingo. Mwingine akafikiria ukuta unaonywea badala ya kurudisha pigo, na watu wa Laurel Fork, ambao kila mwaka hawana hakika kama watafungua mwakani, wakauweka kona ya tatu kabla ya kuweka choo kipya. Nimewacheka watu hawa wa vipimo na kompyuta zao miaka mingi. Waliwaza habari za Callie kabla hajazaliwa.

Alikuja na chupa ya maji, nywele zimelowa jasho, akasimama kando yangu akiangalia chini.

"Dewey ameniambia ulikuwa umevaa hedifoni."

"Hoyt alinivisha."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Kuanzia wapi?"

"Kuanzia trela."

Akashusha pumzi. "Afadhali. Kabla ya trela ndiko kulikuwa kubaya."

"Callie, mimi ni shemasi."

"Ndiyo maana nasema afadhali." Kisha uso wake ukabadilika, akanishika mkono wa shati. "Nilikuahidi, Babu. Nilikumbuka kila kitu ila wavu. Nilipandwa na hasira tu."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Niliyaandaa ngazi zote za jukwaa, na yalikuwa mazuri. Lakini nilipofungua mdomo nilimsikia tena kama kule juu, akivuta pumzi na kuitoa.

"Lyle naye alikuwa na mdomo mchafu," nikasema. "Ni vile tu hatukuwa na redio."

Akacheka, akaegemea kichwa chake begani pangu, na grisi yote ikahamia kwenye shati langu safi. Kando yetu wavu ulikuwa unaning'inia nje ya dirisha kwa kamba yake ya chini, ukipepea kidogo.

"Tanner anakuja kuomba radhi," akanong'ona. "Nimtukane?"

Nikamwona anakuja kweli, kofia mkononi, bila kuonyesha yale meno.

"Mtukane," nikamwambia. "Lakini sogea hapa karibu. Upande huu ndio ninaosikia."